Je, nilikuwepo stesheni ya Tororo mwaka 1972, au nilisimuliwa tu?

*"Nilizaliwa mapema mwaka 1969 katika nyumba za reli pale Tororo, mashariki mwa Uganda, ambako baba yetu alikuwa mfanyakazi. Sisi ni Wagisu na kijiji chetu kiko kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Nina kumbukumbu moja ambayo nimeishi nayo tangu utotoni. Nimesimama stesheni, mama amenishika mkono, majirani zetu Wahindi wanapanda treni ya kwenda Mombasa wakati Amin alipowafukuza, na binti yao ananipa mwanasesere mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Nalikumbuka gauni langu la njano, na najiona nikilia. Askari mrefu ananisemesha kwa Kiswahili cha upole na kunipa biskuti. Mwaka jana, kwenye matanga ya dada yetu aliyenizidi miaka mitano, niliisimulia habari hii. Kaka yangu, aliyenizidi miaka minane, alisema mbele ya watu wote kwamba sikuwepo, kwamba nilikuwa kijijini kwa bibi, na kwamba mwanasesere alipewa marehemu. Mama yetu, ambaye sasa amepita miaka themanini, leo anakubaliana nami na kesho anakubaliana na kaka. Nilitaka kuandika kumbukumbu za familia kwa ajili ya wajukuu, lakini kaka anasema nisiwarithishe uongo. Je, mimi ni mwongo? Je, akili zangu zina kasoro? Na kati yetu nani mwenye haki?"*

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Ninaanza na msiba kwa sababu nadhani sehemu kubwa ya maumivu uliyoyaeleza haitokani na mwanasesere wala stesheni, bali inatokana na mahali na saa ulipokanushwa: mbele ya waombolezaji, katika siku za kumlilia yule ambaye, kwa maneno ya kaka yako, ndiye mwenye kumbukumbu hiyo. Mtu akiambiwa hivyo huhisi amepokonywa utoto wake na dada yake kwa pamoja, tena akaonekana amejitwalia mali ya marehemu. Swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: wewe si mwongo. Mwongo ni yule anayejua kwamba jambo halikuwa hivyo kisha akasema lilikuwa. La pili nalijibu vilevile, kwa maana hali uliyoieleza huwapata watu wazima wenye afya kamili, na huwapata hasa ndugu waliolelewa nyumba moja. La tatu linahitaji maelezo marefu, na nakuomba uwe na subira, kwa kuwa jibu langu halitampa ushindi kamili mmoja wenu.

Wengi wetu huamini kwamba kumbukumbu hukaa kichwani kama picha ndani ya albamu, na kwamba picha ikiwa bado inang'aa, basi ni ya kweli. Imani hiyo ndiyo inayowagombanisha, kwa sababu wewe unaiona stesheni waziwazi, na kaka yako anakuona waziwazi ukiwa kijijini, kwa hiyo kila mmoja anahitimisha kwamba mwenzake anabuni. Ubongo hauhifadhi tukio zima. Huhifadhi vipande, kama vile sura ya mtu, sauti, harufu au hofu, na vipande hivyo huwekwa katika sehemu zake mbalimbali. Unapokumbuka, ubongo huvikusanya upya, na palipo na pengo huliziba kwa yale unayoyajua kuhusu mambo ya namna hiyo, kwa yale uliyosimuliwa baadaye, na kwa yale unayoyahisi leo. Kazi hiyo hufanyika upesi na kimya, nawe huwezi kuona mahali palipozibwa.

Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alilieleza jambo hili mwaka 1932. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, akawaomba waisimulie tena baada ya siku, miezi, na wengine baada ya miaka. Aliona kwamba kila walipoisimulia waliyaacha yaliyokuwa mageni kwao na kuweka waliyoyazoea, huku wakiamini kwamba wanairudia kama walivyoisoma. Tangu hapo ushahidi umeongezeka sana. Majaribio juu ya panya yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba kumbukumbu ya hofu ikishaamshwa hulegea kwa muda kabla ya kukaa imara tena. Watafiti wengi wanaona kwamba kwa binadamu pia huo ndio wakati ambapo jipya linaweza kuingia. Kwa hiyo kuisimulia habari mara nyingi huifanya iwe nyepesi kukumbukwa, lakini hakuifanyi iwe sahihi zaidi.

Kuhusu uhakika, nitakupa mfano mmoja ambao huwa nautumia ninapozungumza na familia. Tarehe 28 Januari 1986, siku mbili baada ya NRA, jeshi la waasi la Museveni, kuitwaa Kampala, chombo cha anga cha Wamarekani kiitwacho Challenger kililipuka angani. Asubuhi iliyofuata Ulric Neisser, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Emory, aliwaomba wanafunzi waandike walikuwa wapi na nani aliwapa habari. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, yeye na Nicole Harsch waliwauliza tena wanafunzi 44 kati yao. Karibu robo yao walikosea kila kitu, na wengi wa waliokosea walikuwa na uhakika mkubwa. Hata walipoonyeshwa karatasi walizoziandika kwa mikono yao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikuwarudia. Hao walikuwa vijana, na iliyopita ilikuwa miaka miwili na nusu tu. Wewe na kaka yako mnazungumzia zaidi ya miaka hamsini.

Sasa nigeukie hoja ya kaka yako. Hukuandika kama alitaja umri wako, lakini katika familia nyingi hoja hiyo hutajwa mapema: mtoto wa miaka mitatu hawezi kukumbuka. Hoja hiyo, ikisimama peke yake, haitoshi. Ni kweli kwamba watu wazima hawakumbuki karibu chochote cha miaka miwili ya kwanza, na kwamba wanapoulizwa kumbukumbu yao ya mwanzo kabisa, kwa wastani hutaja jambo la umri wa kati ya miaka mitatu na minne. Lakini huo ni wastani, na malezi huuhamisha. Utafiti uliofanywa New Zealand na kuchapishwa mwaka 2000 uliona kwamba kumbukumbu ya kwanza ya Wamaori ilikuwa, kwa wastani, ya umri wa miezi 32 au 33, ilhali ya wenzao wenye asili ya Ulaya ilikuwa ya karibu miezi 43. Watafiti walihusisha tofauti hiyo na jinsi jamii ya Wamaori inavyoyathamini ya kale na kuwasimulia watoto. Nadhani sisi tuliokulia kwenye masimulizi ya jioni, watu wazima wakizungumza nasi tukisikiliza, tunaweza kuielewa hoja hiyo bila kuelezwa zaidi. Ilipofika Oktoba 1972, wewe ulikuwa umeshapita umri wa miaka mitatu na nusu. Kukumbuka kitu cha siku zile kunawezekana kabisa.

Kinachowezekana kidogo ni kukumbuka kisa kizima chenye mwanzo na mwisho. Mtoto wa umri huo hubaki na kipande: kelele kubwa, mvuke au moshi, mkono uliobana mkono wake, mtu mzima anayelia. Hajui kwamba treni inakwenda Mombasa, hamjui Amin, hajui kwamba majirani hawatarudi. Hayo uliyapata baadaye, na uliyapata kwa mtu. Nadhani huyo mtu alikuwa dada yako.

Hebu fikiri jinsi ilivyokuwa. Mwanasesere, yeyote aliyepewa, aliletwa nyumbani. Mlilala chumba kimoja, labda kitanda kimoja, na kitu kile kilikuwa katikati yenu kwa miaka. Dada yako, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka minane hivi na aliyakumbuka yote vizuri, alisimulia kilikotoka, nawe ukasikiliza huku umekishika mkononi. Mtoto anayesikia hadithi huiona, na anapoiona hujiweka ndani yake. Miaka ikipita, ile picha aliyojichorea inabaki, lakini alama ya ilikotoka inafutika. Katika fani yetu ya saikolojia hilo ni kosa la kumbukumbu linalotokea mara nyingi sana: tunakumbuka jambo na kusahau chanzo chake. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti mwingine kutoka New Zealand, ambao uliwahusu mapacha watu wazima. Wengi wao walikuwa na angalau kumbukumbu moja ambayo kila pacha alidai ni yake, nao hawakuwa wakifanya mzaha wala wivu. Walikuwa wamekua pamoja na kusimuliana mno. Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell, wa Marekani, walikwisha kuonyesha mwaka 1995 kwamba simulizi la ndugu linaweza kufanya hata zaidi ya hapo. Waliwapa watu 24 kisa cha kubuni cha kupotea dukani utotoni, kikichanganywa na visa vya kweli vilivyotolewa na jamaa zao, na robo yao walifikia kukikumbuka kile kisa cha kubuni, kizima au kwa sehemu.

Katika barua yako mna dalili mbili ambazo siwezi kuziruka. Ya kwanza ni maneno yako "najiona nikilia". Tunapokumbuka tuliyoyaishi karibuni, kwa kawaida tunayaona kwa macho yetu wenyewe, na uso wetu haumo ndani ya picha. Unapojiona kwa nje, pamoja na gauni lako, mara nyingi ina maana kwamba picha imejengwa upya baadaye. Si uthibitisho, kwa sababu hata kumbukumbu za kweli za zamani hugeuka hivyo kadiri umri unavyosonga. Lakini ni dalili, na ningependa ujiulize kama iliwahi kuwepo nyumbani kwenu fotografia yako ukiwa na gauni la njano, au kama gauni hilo lilianza kuwa la dada yako kabla hujalirithi.

Ya pili ni yule askari, na hapa ndipo barua yako iliponishika zaidi. Treni za waliofukuzwa zilitoka Kampala zikapitia Jinja na Tororo kabla ya kuvuka mpaka pale Malaba, na wengi waliosafiri wamesimulia jinsi askari walivyowapekua na kuwanyang'anya vitu njiani. Askari mpole mwenye biskuti hawezi kukataliwa moja kwa moja, maana ndani ya kila jeshi wamo watu wema, ila katika siku zile anaonekana kama aliyetoka katika siku nyingine. Kiswahili chake peke yake hakituambii kitu, kwa sababu jeshi letu lilitumia Kiswahili tangu enzi za wakoloni. Ulichokikumbuka ni upole wa Kiswahili hicho. Wazee wengi niliowasikiliza huutaja upole huohuo wanaposimulia mwaka 1979, wakati askari wa Tanzania walipofika. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, Jinja ikatwaliwa tarehe 22 Aprili, na majuma yaliyofuata wakasonga mashariki na kaskazini. Wakati huo ulikuwa na umri wa miaka kumi, umri ambao mtoto hukumbuka vizuri sana, nanyi bila shaka bado mlikuwa watoto wa reli. Nadhani, na nasema nadhani kwa sababu sikuwepo, kwamba askari wako ni wa kweli, biskuti ni ya kweli, na stesheni ni ya kweli, lakini ni ya mwaka 1979, na kwamba siku mbili zilizotokea mahali pamoja zimeungana ndani yako zikawa moja. Ikiwa ni hivyo, basi unayo kumbukumbu yako mwenyewe ya stesheni ya Tororo, tena ya siku kubwa, na hakuna aliyewahi kukuuliza habari zake.

Kaka yako naye yumo ndani ya kanuni hizohizo. Mwaka 1972 alikuwa na miaka kumi na moja, kwa hiyo ana nafasi nzuri kuliko yako ya kuyakumbuka mambo ya mwaka ule. Hata hivyo, kukumbuka kwamba mtu fulani hakuwepo ni vigumu kuliko kukumbuka kwamba alikuwepo. Ulikwenda kwa bibi mara ngapi katika miaka ile? Ilikuwa kabla au baada? Na je, yeye mwenyewe alikuwa stesheni siku hiyo, au alikuwa shuleni akasimuliwa jioni? Katika familia zetu sauti ya mkubwa hugeuka kuwa kumbukumbu rasmi ya nyumba, na wadogo hujifunza kunyamaza, lakini ukubwa haumkingi mtu na yale yaliyowapata wanafunzi wa Emory. Nakuomba pia umfikirie katika saa ile aliyoyasema. Alikuwa amempoteza dada ambaye walikaribiana umri kuliko mlivyokaribiana wewe na yeye, akasikia kitu cha marehemu kinatajwa kuwa cha mwingine, akakirudisha kwa marehemu. Alikosea mahali pa kusema. Sidhani kama alikusudia kukuumiza.

Mnaweza kulichunguza jambo hili pamoja bila kugombana, mkiacha kuulizana "unakumbuka au hukumbuki" na kuuliza kuhusu vitu vinavyoweza kupewa tarehe. Tangazo la Amin lilitolewa mwanzoni mwa Agosti 1972, muda uliotolewa ulikuwa siku tisini, na mwisho wake ulikuwa tarehe 8 Novemba. Kwa hiyo tunatafuta siku moja ndani ya miezi mitatu. Tarehe 2 Septemba, ndani ya kipindi hicho, John Akii-Bua alishinda medali ya dhahabu huko Munich katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi, na wavulana wengi wa rika la kaka yako wanaikumbuka siku hiyo. Mwulize kama majirani waliondoka kabla au baada ya habari za Akii-Bua kufika. Mwaka 1972 pia ulikuwa wa imbalu, kwa kuwa Wagisu hutahiri katika miaka shufwa, na msimu huanza Agosti. Je, kulikuwa na kijana wa ukoo wenu aliyetahiriwa msimu ule? Ikiwa alikuwepo, inawezekana sana kwamba mama alipanda kijijini na watoto wadogo, au kwamba ulipelekwa kwenye sherehe ukabakizwa kwa bibi. Wazee wa ukoo watajua, maana wanaume wa kwenu hutambuana kwa mwaka wa imbalu.

Kuna swali jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko yote. Je, unaye mdogo wako aliyezaliwa mwishoni mwa 1972 au mwanzoni mwa 1973? Mama akijifungua, mtoto anayemtangulia kichanga ndiye hupelekwa kwa bibi, ilhali wakubwa hubaki kwa ajili ya shule. Dada yako, aliyekuwa shuleni katika muhula wa tatu, angekuwa Tororo, nawe ungekuwa mlimani. Daftari la ubatizo la parokia litakuonyesha tarehe hizo. Kama kadi yako ya kliniki ya utotoni ilisalia katika sanduku la mama, muhuri wa kliniki ya Tororo wa Septemba au Oktoba utamjibu kaka yako vizuri kuliko maneno. Wafanyakazi wa reli walipewa pasi za safari kwa familia zao, na baadhi ya wajane wamezihifadhi pamoja na tiketi za kodi za marehemu waume zao. Vipande hivyo vya karatasi visichomwe wala kutupwa, hata kama havitahusu stesheni.

Mama yenu msimfanye hakimu. Najua kila mmoja wenu amemwendea kwa wakati wake na kumwuliza, "Mama, si kweli kwamba...?" na kila mmoja ameondoka na jibu alilolitaka. Swali la namna hiyo hubeba jibu lake ndani yake, na mzazi mwenye upendo, hasa anayeanza kusahau, hukubaliana na mtoto aliye mbele yake. Zaidi ya hapo, mnapomrudishia swali hilohilo mnampandia maneno yenu, na baada ya miezi michache hakuna atakayejua lipi lilikuwa lake. Chagueni mtu mmoja asiyekuwa upande wowote, labda mjukuu mkubwa. Akae naye asubuhi anapokuwa na nguvu, azungumze naye kwa Lugisu, lugha ya ujana wake, na simu iwe inarekodi kwa ruhusa yake. Asianze na treni. Aanze na mambo ambayo mama atayafurahia: alivyoolewa, nyumba ya kwanza ya reli, walikopata maji, majirani walikuwa nani, walipika nini, sukari ilipoadimika walifanyaje, bei ya magendo ilikuwaje. Wazee hukumbuka kwa wingi na kwa uhai zaidi yale ya umri wa kati ya miaka kumi na thelathini, na kwa hesabu ya umri wake, miaka ile ya Tororo imo humo. Akifika mwenyewe kwa majirani Wahindi, aachwe aseme bila kusahihishwa. Asipofika, basi.

Je, uandike? Andika. Nimefikiria njia tatu zilizo mbele yako. Ukiiacha habari hii kwa ajili ya amani, wajukuu wataikosa siku ambayo ilibadilisha mji mzima, nawe utaishi na kinyongo. Ukiiandika kama ulivyoisimulia matangani, kaka yako ataona umemdharau, na kwa kweli utakuwa umeandika kama hakika jambo ambalo mimi nina shaka nalo. Njia ninayokushauri ni kuandika masimulizi yote mawili, kila moja likiwa na jina la msimuliaji na mwaka aliosimulia. Mwombe kaka yako aandike au arekodi la kwake kabla hamjakaa pamoja, kwa sababu mkishazungumza mtaanza kuchukuliana maneno. Ukurasa wenyewe unaweza kusema wazi: "Katika kumbukumbu yangu nimesimama stesheni na ninapewa mwanasesere. Kaka yangu anakumbuka kwamba aliyepewa ni dada yetu, na kwamba mimi nilikuwa kijijini. Dada yetu alikuwa akinisimulia siku hiyo tulipokuwa wadogo." Maneno hayo yatamrudisha dada yenu ndani ya habari bila kukutoa wewe.

Niongeze jambo moja kwa uangalifu. Mara nyingine ndugu anayekataa habari za 1972 zisiandikwe hana shida na mwanasesere. Miaka ile iliacha maswali mazito katika miji yetu yote: nani aligawiwa duka au nyumba ya walioondoka, nani aliitwa mafuta mingi, yaani tajiri mpya wa enzi ya Amin, nani alimficha nani, nani alinyamaza. Sisemi kwamba kwenu kuna jambo la namna hiyo, na sina sababu ya kudhani hivyo. Nasema tu kwamba ukiona kaka yako anakasirika kuliko kitu chenyewe kinavyostahili, mwulize mkiwa wawili, kwa heshima, kama kuna lililompata ambalo wewe hukuliona kwa sababu ya udogo wako. Mtoto wa miaka kumi na moja aliona mengi. Akikataa kulisema, mwache, na usilitafute kwa watu wengine. Msiende pia kwa yeyote anayedai kwamba anaweza kukurudishia kumbukumbu zilizopotea kwa kukulaza usingizi au kwa dawa. Njia hizo huongeza uhakika wa mtu bila kuongeza ukweli, na nimeona familia zikivunjika kwa sababu yake.

Ikiwa kumbukumbu za 1979 au za vita vilivyofuata, zako au za kaka yako, zinakuja bila kuitwa, zinavunja usingizi, zinaleta mapigo ya moyo ya kasi au zinamfanya mmoja wenu aepuke mahali fulani, hapo barua haitoshi. Tafuteni mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili wa kuonana naye ana kwa ana. Hospitali za rufaa za mikoa, ikiwemo ya Mbale iliyo karibu nanyi, zina vitengo vya afya ya akili, na huko ndiko pa kuanzia kabla ya kufikiria safari ya Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala.

Anayehitaji kuonwa mapema zaidi ni mama. Kubadilika kwa jibu lake kuhusu siku moja ya zamani hakunitishi, kwa sababu nimekwisha kueleza jinsi mnavyomwuliza. Lakini hukuniandikia anaendeleaje katika mambo ya leo, na hayo ndiyo ya kuangalia: kama anarudia swali lilelile ndani ya saa moja, anapotea njia anayoijua, anasahau jiko likiwaka, anakosea dawa zake, au anawatuhumu watu kumwibia vitu alivyoviweka mwenyewe. Hayo si uzee wa kawaida. Usikubali kuambiwa kwamba ni umri tu kabla hajapimwa, maana baadhi ya visababishi hutibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni kufanya kazi pungufu, huzuni ya muda mrefu baada ya kufiwa na mtoto, dawa zinazogongana, hata masikio yaliyopungua nguvu hadi mtu anajibu asichokisikia. Na akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, akaona visivyokuwepo au akasinzia isivyo kawaida, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kwa mzee huenda hiyo ndiyo dalili pekee ya malaria, nimonia au maambukizi ya mkojo. Kumpeleka kliniki msingojee kikao cha familia cha kuamua nani mwenye haki. Mwombe kaka yako mwende pamoja, mchukue dawa zote anazozitumia na maelezo ya mabadiliko mliyoyaona na lini yalianza, na siku hiyo mada ya stesheni isiguswe kabisa.